Namba Sita wa Jang'ombe

Enzi za foleni, mkate ulikuwa ukitafutwa mjini kama dawa. Tukiamka alfajiri kwenda kushika nafasi mbele ya duka, na mtu akichoka kusimama huweka kitu chake: jiwe, kopo, ndara moja, pakacha. Kitu kile ndiye yeye. Ukirudi jua limeshapanda unaliondoa jiwe lako, unasimama palepale, na hapana wa kukuuliza. Namkumbuka bibi mmoja wa Mkunazini aliyeweka ungo. Bwana mmoja akaja na haraka zake akaupiga teke, na foleni nzima ikamgeukia: "Umempiga teke Bibi!" Ikabidi apelekwe mpaka nyumbani kwa Bibi kuomba radhi. Bibi mwenyewe alikuwa amelala, hana habari kama kapigwa.

Foleni ile ndiyo iliyonipa kazi. Siku moja mwenye tanuri alitoka nje kutafuta mtu wa kubeba magunia ya unga, akaniona mimi tu, maana wenzangu wote walikuwa mawe na makopo. Nikaingia ndani, sikutoka tena. Skuli nilikuwa nshaiacha. Kwa bwana yule nilijifunza moto, na kutoka moto wa mkate nikahamia moto wa pilau, harusi za mjini na za shamba. Mpaka Kidichi nimepikia, harusi ambayo bwana harusi mwenyewe alichelewa kwa kuwa alipotea njia ya kwa mkwewe, na wali ukapoa, na mama mkwe akasema tuule hivyo hivyo, anayepotea leo atapotea maisha. Lakini hayo si yangu leo. Nilitaka kusema kwamba mtu akishapika harusi nyingi bila ya kumuumiza mtu tumbo, jina lake hufika mbali, na langu likafika kwa watu wa mpira.

Asiyeijua kambi ya mpira ya kwetu nimweleze. Ikikaribia mechi kubwa wachezaji hukusanywa katika nyumba moja, mlango unatiwa kufuli, simu zinakusanywa, wake hawaonwi. Hayo yote ni kwa kuogopa hongo, na kuogopa mengine ambayo Mwenyekiti wetu wa timu alikuwa hapendi yatajwe kwa sauti. Ndani ya njumu hutiwa limau. Jezi hazianikwi nje. Na chakula hupikwa na mtu mmoja tu, ambaye huonja mwanzo mbele ya watu wote. Mtu huyo nilikuwa mimi. Nimeonja sana. Tumbo langu hili limewatangulia vijana wengi wa Jang'ombe.

Hapo kambini ndipo nilipomjua Namba Sita.

Jina lake analo, na sitolitaja, maana hata sisi tulilisahau. Alikuwa Mwingereza mrefu, amepinda kidogo kiunoni kama mlango uliolegea bawaba, goti la kulia likilia anapoinuka. Kwao alikuwa mchezaji wa mpira, kiungo wa kati, yule anayesimama mbele ya mabeki akiwanyang'anya wapinzani mpira, na jezi yake mgongoni ilikuwa na sita. Wazee wake walikuwa watu gani sikuuliza. Nilimpokea alivyokuja, na alikuja tayari mzee wa mpira, ndevu zimeingia mvi.

Jambiani ndiko alikofikia, kupumzisha goti. Akamwona Bi Zuhura anatoka baharini na gunia la mwani kichwani, akajitia kumsaidia, gunia likamshinda. Bi Zuhura alicheka mpaka akakaa chini kwenye mchanga. Baada ya hapo mambo yao yakaenda, akasilimu, wakaoana, wakaja kukaa Jang'ombe kwenye nyumba ya kaka yake Bi Zuhura. Mimi biriani yao sikuipika. Nasikia ilikuwa na chumvi.

Sasa, maskani kwetu, pale tunapokaa kunywa kahawa, Uingereza ni moja tu, ile tunayoiona Jumamosi kwenye televisheni. Siku ya kwanza alipopita, muuza kahawa akamwita.

"Karibu, bwana. Tumesikia ulicheza Uingereza."

"Nilicheza."

"Timu gani?"

Akataja mji. Watu wakatazamana. Hapana aliyewahi kuusikia.

"Uko wapi huo?"

"Kaskazini. Kuna kiwanda cha biskuti."

"Na hawa tunaowaona hapa, umekabana nao?"

"Hapana. Mimi daraja la tatu. Baadaye la nne. Halafu chini ya la nne."

Muuza kahawa akajipiga paja. "Mnamsikia? Mtu mkubwa huyu, yakhe! Mdogo angeshajisifu zamani!"

Basi ikawa ndiyo hivyo. Sisi tumelelewa kwamba mwenye kitu hakisemi. Kila alipotuambia ukweli tukauona adabu, na alivyozidi kuukariri ndivyo cheo chake kilivyopanda. Alisema timu moja walikuwa wakifua jezi wenyewe. Mtaani ikavuma kwamba Namba Sita alikuwa nahodha. Alisema uwanja mmoja ulikuwa na tope mpaka mbuzi walikataa kula. Ikavuma kwamba alicheza mbele ya mfalme. Mara moja aliniambia, "Ami, mimi nikisema uongo hapa, labda wataniamini kidogo." Lakini uongo hakujaribu. Alikuwa hana mkono wa uongo.

Mwenyekiti wetu akamwomba aje akae benchini mechi moja tu, awatie moyo vijana. Benchi lenyewe lilikuwa limevunjika mguu, akapewa ndoo ya rangi, akaipindua, akaikalia. Siku ile tuliwafunga jirani zetu ambao walikuwa wakitufunga tangu mimi nna meno yote. Watu walilia. Na kesho yake kamati ikakaa, ikaamua: kila mechi Namba Sita, ndoo ile ile, shati lile lile la buluu, upande ule ule wa kushoto.

Alicheka. Alidhani ni mzaha, au ni kama ile tabia ya wachezaji kuvaa soksi moja mwanzo. Baada ya muda akaenda Dar kutazamwa goti, na huku nyuma tukapigwa mabao ambayo mimi siyahesabu. Aliporudi bandarini alikutana na watu wazima wanne wamekuja kumpokea, macho mekundu. Hapana aliyemlaumu. Walimbebea mkoba. Mwenyekiti akamshika mkono njia nzima, akamwambia kwa upole, "Ndugu yangu, usituache tena."

Hivyo ndivyo alivyofungwa. Mlango wenye kufuli ulikuwa wa siku za mechi tu. Siku nyengine alikuwa huru kwenda atakako, ila kila atakako kulikuwa na mtu anamwuliza atarudi saa ngapi. Muuza samaki anamwongezea changu mmoja, "Jumamosi tunakutegemea." Imamu anamwombea dua, na ndani ya dua imo timu. Akipanda gari kwenda Jambiani kumwona mkwewe, jioni simu inalia: "Sita, uko salama? Hujazama?" Na yeye bahari alikuwa akiiogopa, hata miguu hatii, ameoa kwa watu wa mwani na maji hayamgusi.

Msimu kwetu nao hauna mwisho. Ligi ikimalizika lipo kombe, kombe likimalizika ipo mechi ya hisani, mara bonanza, mara Ramadhani imeingia na vijana wanacheza jioni kuisubiri futari, na huko nako eti ndoo iende.

Nimesema alikuwa hana uongo, lakini kichekesho alikuwa nacho. Alikuwa akimwamkia kila mtu shikamoo, hata watoto wa chekechea, na watoto walikuwa wakipita makusudi mbele yake wajibu marahaba kwa sauti nzito. Nilimwambia, "Sita, shikamoo ni ya wakubwa." Akasema, "Mimi hapa wote wamenitangulia, Ami."

Na mpira alikuwa akiuchukia. Nasema kweli. Televisheni ikiwashwa maskani yeye huinuka akaja jikoni kwangu kumenya vitunguu thomu. Hataki kujua nani kafunga. Lakini siku moja tumetoka sokoni Darajani, kitunguu kikaniponyoka kapuni kikawa kinabiringika kuingia mtaroni, na yule mtu wa goti bovu akageuka kama ametolewa kwenye upinde, akakizuia kwa unyayo, taratibu, kitunguu kikatulia kama kimelala. Wauzaji wakapiga makofi. Yeye alikikasirikia kile kitunguu. Akakitazama muda, kisha akanipa, akasema, "Miaka yote, ndicho ninachokijua hicho."

Vijana walimsumbua awafundishe. Alikuwa na neno moja tu: "Angalia kabla haujakufikia." Kijana akipokea mpira ndiyo aanze kuinua kichwa, Sita hufumba macho kwenye ndoo yake kama mtu aliyekanyagwa.

Mambo ya kwao alinipa jikoni, kidogo kidogo, mikono ikinuka thomu. Kule, alisema, msimu ukimalizika meneja anakuita chumbani, anakwambia unabaki au unakwenda. Yeye mara nyingi alikuwa akiambiwa nenda. Na akiambiwa nenda, moyoni anafurahi! Mjomba wake alikuwa fundi bomba, amemwahidi kumfundisha, ameshamnunulia mpaka begi la spana. Anafika nyumbani, anafungua begi, anajifunza wiki chache, anaipenda ile kazi, bomba halina mashabiki. Kisha simu inalia. Kiungo wa mji fulani kavunjika mguu. Njoo, mwaka mmoja tu.

"Na wewe unasema nini?"

"Nasema ndiyo."

"Kwa nini usiseme la?"

Akachukua thomu nyengine. "Ami, mimi sikuwa mzuri. Wazuri walikuwapo, lakini walikuwa hawapatikani. Mimi nikipatikana."

Ndiyo maisha yake ya mpira yote hayo. Mji wa biskuti, mji wa makaa, mji wa bandari ambako mwamba wa goli ulikuwa umepinda na hapana aliyejali. Basi refu usiku na mvua, anakwenda kukaa akiba. Kila mwaka akisema huu wa mwisho. Begi la spana likapata kutu hajalitumia.

Na kisa cha baba yake nikiseme hapa, maana bila ya hicho yaliyobaki hayaeleweki. Baba yake alikufa siku ya mechi, asubuhi. Klabu ilipigiwa simu. Wakaona wasimwambie, asije akaivuruga timu. Akakaa benchini mpaka filimbi ya mwisho, ndipo wakamwambia.

"Ulicheza vizuri siku hiyo?" nilimwuliza. Swali la kijinga.

"Sikuingizwa," akasema. "Nilikaa tu."

Mama yake alikuwa hai bado. Yuko kwenye nyumba ya kutunzia wazee huko huko, na akili ilikuwa imeanza kumtoka. Sita alikuwa akizungumza naye kwa simu ya picha, amekaa kizingitini kwangu kwa sababu mtandao pale unashika. Mwanzo nilikuwa nikimsikia bibi anamwita kwa jina lake, lile tulilolisahau sisi. Baadaye akawa anamwita kwa jina la baba yake. Baadaye akawa anamwuliza kwa heshima, kama mgeni, umetoka mbali?

Sita akawa hataki kitu chengine duniani ila kufika kwa mama yake kabla hajamsahau kabisa. Akamwendea Mwenyekiti. Mwenyekiti akasema, "Haki yako, nani atakuzuia? Baada ya Jumamosi." Jumamosi ikapita. "Baada ya robo fainali." Tukatolewa robo fainali, nikadhani sasa atakwenda, kumbe tumeshuka mkiani mwa ligi na tunapigania tusishuke daraja. Na Sita akawa anasema ndiyo, ndiyo, kama mtu anayeitikia dua.

Aliyeshindwa kuvumilia ni Bi Zuhura. Alikuja kambini mchana wa jua kali, kanga kajifunga kiunoni, akasimama nje ya dirisha langu kwa kuwa wanawake hawaingii, akamwita Mwenyekiti.

"Mume wangu si hirizi!"

"Bi Zuhura, dada yangu, nani kasema hirizi? Sisi tunampenda."

"Mnampenda kama kuku wa Idi. Mnamlisha, mnamwuliza hali, macho yenu yako shingoni."

"Astaghfirullahi. Mimi mwenyewe nitampeleka uwanja wa ndege, kwa gari yangu."

"Lini?"

"Tukishabaki daraja."

"Na mama yake atabaki mpaka lini?"

Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya, msimchukulie hivyo. Alikuwa na duka la vipuri, na timu ile ilianzishwa na kaka yake marehemu. Alikuwa akilala na khofu kwamba itashuka mikononi mwake. Alimjibu Bi Zuhura, "Nipe mechi moja," na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba maji. Bi Zuhura akamtazama, akafungua kanga, akaifunga upya, akaondoka.

Mechi hiyo moja, na jirani zetu wale wale, ndiyo ilikuwa ya kufa na kupona. Tukishinda au tukitoka sare tumebaki. Tulifungiwa kambini tangu Alhamisi. Ijumaa, baada ya sala, Sita akarudishiwa simu yake dakika chache kwa ruhusa maalumu, akakaa kizingitini pangu. Muuguzi wa kule alikuwa na khabari: bibi hatii tena chakula mdomoni, lakini tangu asubuhi anamwulizia mwanawe. Akamsogezea bibi simu. Nilimsikia kwa masikio yangu, sauti nyembamba, na alichosema sikukielewa ila neno moja.

Sita alizima simu akabaki kaishika.

"Kaniita mimi, Ami. Kwa jina langu. Leo kanijua."

"Basi nenda leo."

Akaenda kwa Mwenyekiti, na mimi nyuma yake na mwiko mkononi. Mwenyekiti akamsikiliza mpaka mwisho. Akamshika mikono yote miwili na machozi yakamtoka, ya kweli, mimi machozi ya uongo nnayajua, nimepika harusi nyingi.

"Dakika tisini tu, Sita. Kesho jioni. Filimbi ikilia tunatoka uwanjani moja kwa moja mpaka kwenye ndege. Wallahi. Usinivunje leo, ndugu yangu."

Na Sita akasema ndiyo.

Asubuhi alikuja jikoni mapema. Nilikuwa nnachemsha chai ya tangawizi. Alikaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi, mtu mrefu vile, magoti yamefika masikioni.

"Jana nilitaka kusema la," akasema. "Nimelala nikilitafuta. Lipo kwa Kiswahili, lipo kwa Kiingereza, ni fupi pote. Mdomo wangu unasema ndiyo wenyewe."

"Basi usiseme kitu," nikamwambia. "Hapana aliyekulazimisha kusema."

Alinitazama kama nimempa kitu kizito. Nikammiminia chai. Nikamfungia mkate wa kumimina kwenye karatasi, na aliponyoosha mkono kuutia mfukoni niliona kwenye mfuko wa shati lile la buluu pana kijitabu cha paspoti. Nikageuka nikachochea moto. Chai ile aliinywa yote, akasema, "Tamu," akaniamkia shikamoo, nami siku hiyo nikaitikia marahaba vizuri, kwa mara ya kwanza, kama mtu anayemwitikia mwanawe.

Uwanja ulijaa mpaka juu ya kuta. Mimi nilikaa nyuma ya benchi na ndoo za maji. Kipindi cha kwanza kikaisha hapana bao. Kipindi cha pili jirani wakatubana, mpira haututoki langoni, Mwenyekiti yuko chini amesujudu kwenye majani. Nilimwona Sita anatazama ule upande mwengine wa uwanja, mbali na mpira, ambako hakukuwa na mtu.

Akasimama.

Hajawahi kusimama mechi inapochezwa. Walio karibu wakadhani anataka kupiga kelele, wengine wakadhani haja imembana. Akajifuta suruali, akapita mbele ya wachezaji wa akiba, akashika mstari wa pembeni, taratibu, goti likilia, hakimbii na wala hajifichi. Mwenyekiti akainua kichwa kutoka kwenye majani.

"Sita!"

"Naam," akaitika, kama anavyoitika mtu mwenye adabu akiitwa, lakini hakugeuka.

"Sita! Zimebaki dakika chache!"

"Naam."

Akapita penye kibendera cha kona, akapita penye wauza karanga, watu wakampisha kwa heshima kwa kuwa ni yeye. Kutoka nilipokaa niliuona mgongo wa shati la buluu unavuka barabara, unashika upande wa Kiembesamaki, ambako kila mtu anajua ndege ndiko zinakoshukia. Alikuwa akienda kwa miguu, hakunyoosha mkono kusimamisha gari, mpaka akapinda kwenye kona ya pale penye gereji, na hakurudi tena.